Ahadi ya Baba Yako kwa Bibi Nyamizi

Chamwino, ofisini, saa ya chakula

Mwanangu Peresi,

Wenzangu wametoka kwenda kula, nami nimebaki peke yangu masjala, mlango nimeurudishia kama mtu anayefanya jambo baya. Barua hii nitakukabidhi jioni, kisha nitatoka uani nijifanye natazama matairi ya guta mpaka uimalize. Unanijua. Maneno mazito nayaweza kwenye karatasi tu.

Nilikuahidi mambo mawili. La kwanza, kwamba nitampeleka Bibi Nyamizi hospitali kule Mvumi akafanyiwe macho, kama marehemu baba yako, kaka yangu, alivyomwambia. La pili, kwamba nitakusindikiza Njombe mpaka kwenye geti la shule, nikuone ukiingia bwenini na sanduku lako. Yote mawili yameangukia kesho. Kambi ya madaktari wa macho inafungwa kesho, na tiketi zetu za Njombe ni za kesho alfajiri. Mtu mmoja hawezi kuwa kusini na huku kwa siku moja, hata angekuwa na kichwa cha baba yako cha kupanga safari.

Habari za sabuni, ndoo, kufuli na sweta la baridi mama yako ameshazisema, na usiku atazisema tena. Mimi nataka kukueleza nilichokiamua na kwa nini. Ili nikueleze hilo, inanibidi nipitie habari za baba yako, ambazo wewe uliziona kila siku ukadhani kila baba yuko hivyo.

Hawako hivyo, mwanangu. Mimi nimekaa na watu wengi, nimesoma na watu wengi, na bado sijamwona wa pili.

Unakumbuka kazi yake ilikuwa guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu. Alibeba saruji, mkaa, mabati, vitanda vya watu wanaohama, akikanyaga pedeli kutoka sokoni mpaka kwenye milango ya mtaa wetu mzima wa Nkuhungu. Siku moja, wewe ukiwa bado unanyonya, alipeleka godoro kwenye nyumba moja akamkuta mama mzee anatembea huku ameshika kamba. Kamba ilifungwa kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake ikaenda mpaka kwenye nguzo ya choo. Watoto wake walimfungia hiyo ili wakienda kazini asipotee uani. Baba yako akauliza, "Huyu mama amepofuka tangu lini?" Wakamjibu kama mtu anayesema habari ya paa linalovuja: "Ah, huyo ana mtoto wa jicho. Uzee huo."

Aliporudi nyumbani siku hiyo hakula. Jumapili yake alimuuliza nesi mmoja kanisani, akaambiwa kwamba mtoto wa jicho anaondolewa, na kwamba mara kwa mara madaktari huweka kambi. Basi. Hakufanya mkutano wala hakuunda kikundi. Aliosha guta, akakung'uta saruji, akatandika godoro, akaenda kumchukua yule mama kumpeleka kwenye gari la kwenda Mvumi. Tangu siku hiyo, kambi ikitangazwa, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Godoro lililokuwa likitandikwa ni lile ulilolalia wewe mpaka ulipofika darasa la tatu. Ulikuwa unalalamika kwamba linanuka dawa ya hospitali. Sasa umejua.

Nimesikia watu msibani wakisema alikuwa shujaa. Mimi niliyelala naye chumba kimoja tangu utoto nakuambia alikuwa mwoga wa damu. Kuku akichinjwa uani, kaka yangu Lameki alikuwa anakwenda kununua chumvi hata kama chumvi ipo. Kule hospitalini hakuwahi kuvuka mlango wa chumba cha upasuaji, na hata kutazama bandeji ilikuwa kazi. Alikaa nje kwenye benchi. Kazi yake yote ilikuwa kukaa nje, ili mtu akitoka amefungwa macho asikie sauti anayoijua.

Na Jumapili baada ya ibada, unakumbuka mkeka. Alitukalisha wote, mama yako, wewe, wadogo zako, na mimi niliyekuwa mwanafunzi wa chuo na ndevu zangu, akatukata kucha kwa wembe, mkono mmoja mmoja. Nilikuwa naona aibu. Niliwahi kumwambia, "Kaka, mimi ni mtu mzima." Akanijibu, "Lete mkono, mtu mzima." Wale wazee aliokuwa anawapeleka nao aliwakata kucha kabla ya safari. Nilimuuliza sababu. Alisema, "Wamepapasa kuta miaka mingi, kucha zimejaa udongo. Daktari atatazama macho. Kucha atazitazama nani?"

Lakini kuna jambo hakuwahi kulisema mbele yenu, na naona leo ulijue. Si wote waliorudi wanaona.

Palikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha hapa Chamwino, Mzee Chilongani, ambaye Lameki alimbembeleza karibu msimu mzima mpaka akakubali. Akaenda, akafanyiwa, bandeji ikatolewa, na giza likawa lile lile. Ugonjwa ulikuwa umeshakula jicho kwa ndani. Haikuwa kosa la mtu yeyote, lakini watoto wake walimtukana baba yako mbele ya watu. "Umemtesa mzee wetu bure. Guta lako lisikanyage tena hapa." Mimi nilikuwepo. Nilimvuta mkono tuondoke, na njiani nilimshauri aache kabisa kazi hii ya kujitafutia lawama. Mimi ndivyo ninavyofikiri, Peresi. Jambo likiharibika mara moja, nalifungia kabatini.

Jumamosi iliyofuata alirudi kwa Mzee Chilongani. Nikamwambia, "Watakupiga." Akasema, "Wakinipiga nitarudi. Nilimwambia mzee siku ile kwamba tutakuwa pamoja. Sikumwambia kwamba tutakuwa pamoja kama akiona." Hawakumpiga. Walimwacha asimame juani muda mrefu, kisha wakampa kigoda. Alikwenda kila alipopata nafasi, wakakaa wanapiga soga, akamkata kucha, mpaka mzee alipofariki. Kwenye msiba ule, wale wale vijana waliomtukana ndio waliomwita ashike jeneza.

Nilijifunza hapo kitu ambacho vitabu vyangu havikunifundisha, ingawa nilichukua miaka mingi kukikubali. Baba yako hakuwa anaahidi macho. Mtu anayeahidi macho ataaibika siku moja. Yeye aliahidi kuwepo, na hiyo ni ahadi ambayo mtu anaweza kuitimiza hata akishindwa mengine yote.

Sasa Bibi Nyamizi.

Unajua sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zao walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo ya watu kutoka Tabora kwenda pwani. Wakifika huku kwenye ukame wetu na kiu imewashika, babu zetu walikuwa wamekaa juu ya visima wakidai ushuru, maji kidogo kwa nguo nyingi. Wengine wakachoka na safari wakabaki hapa hapa, wakafanya biashara, wakazaa, na mjukuu wao mmoja ni Bibi Nyamizi, jirani yetu wa uchochoro wa pili, mwenye ulimi kuliko soko zima.

Macho yake yalianza kufifia wewe ukiwa darasa la kwanza. Baba yako alimfuata miaka yote hiyo. Nilikuwa nasikia kutoka dirishani kwetu.

"Hodi kwa mpagazi!"

"Karibu, ombaomba. Leo umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuomba hayo macho yako. Wewe huyatumii."

"Nasikia huko Mvumi wanalitoa jicho, wanaliosha kwenye beseni, wakisahau lilikuwa la nani wanakurudishia la mbuzi."

"Likiwa la mbuzi si bahati? Utaona majani mabichi mpaka Singida."

"Nitaanza kukutafuna wewe, mtumwa wangu!"

Walikuwa wakicheka mpaka wanakohoa. Mimi nilikuwa nafunga dirisha. Nilidhani ni upuuzi, watu wazima kutukanana asubuhi. Sikuelewa kwamba hivyo ndivyo kaka yangu alivyokuwa anamshika mkono yule bibi, kidogo kidogo, kumtoa kwenye hofu yake.

Mwezi wa kumi na moja, joto lile kabla ya mvua, alirudi nyumbani anaimba. Mama yako alimuuliza kuna nini. "Mpagazi amekubali," akasema. "Kambi ijayo, namtandikia godoro." Jioni ile ile, sahani iko mbele yake, alishika kichwa, akaegemea ukuta. Mengine uliyaona mwenyewe, sitayaandika.

Ninachotaka kuandika ni siku ya kumzika, pale getini kwetu.

Tulikuwa tumebeba jeneza, mchungaji ametangulia, kwaya imeanza. Bibi Nyamizi alikuwa ameshaongozwa na mjukuu wake, ameweka kigoda katikati ya geti, amekaa, fimbo ameilaza mbele yake kama kizuizi cha polisi.

"Simameni hapo hapo," akasema. "Babu zenu walikaa kisimani wakawatoza babu zangu. Leo nimekaa mimi. Hapiti mtu."

Mzee wa kanisa akamwambia kwa upole, "Mtani, jua linatuchoma."

"Liwachome. Ngozi zenu zilishaiva zamani. Huyu mtumwa wangu aliniahidi macho mawili, leo anajifanya amelala. Amka, Mgogo mvivu wee!"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama yako alicheka, mara ya kwanza tangu mauti. Mtu mmoja akamtupia noti ya kulegeza njia, kama watani wanavyofanyiwa. Bibi aliipapasa, akaitupa mavumbini.

"Sitaki karatasi zenu. Nauliza, ahadi yake anaichukua nani?"

Kila mtu pale alijua jibu linapaswa kutoka kwa nani. Mimi ndiye mdogo wake pekee. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika pembe ya mbele ya jeneza. Macho yote yalinigeukia, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nafikiria hospitali, nafikiria lawama, nafikiria jinsi ya kumwambia mzee twende akafanyiwe upasuaji na baadaye aniulize kwa nini haoni. Nilifikiria mengi sana kwa mtu aliyetakiwa kusema neno moja.

Wewe ndiye uliyeachia mkono wa mama yako. Ukasema, "Mimi, bibi."

Bibi Nyamizi aligeuza uso kuitafuta sauti. Hakucheka. Alisimama, akavuta kigoda chake pembeni mwenyewe. "Haya," akasema, "piteni."

Watu waliona ni utani mzuri wa msibani, wakasahau. Wewe hukusahau. Majina ya kidato cha kwanza yalipotoka, mama yako anapiga vigelegele, ukasema huendi. Ulisema ulichukua ahadi ya baba na huwezi kuiacha hapa uende Njombe kula wali wa shule. Mama yako alilia, wajomba walikufokea, nami nikajikuta nasema, "Nenda. Nitampeleka mimi."

Ulinitazama kuanzia kichwani mpaka chini. "Wewe, Baba Mdogo? Wewe unamwogopa hata jogoo wa Mama Sikujua."

Ni kweli namwogopa. Yule jogoo wa jirani ana roho mbaya. Lakini ulisema pia, "Siku atakayokwenda yeye, ndiyo siku nitakayokwenda mimi," na tangu hapo nimekuwa nalala na maneno hayo. Kama ningeshindwa, si macho ya bibi peke yake yangepotea. Nafasi yako ya shule ingepotea pia, na mimi ndiye ningekuwa nimevipoteza vyote viwili.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikitoka kazini. Nilivaa shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Nilisimama mlangoni nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akamuuliza mjukuu wake, "Nani huyo? Wa sensa?"

"Ni mimi, Amosi, mdogo wake marehemu Lameki. Nimekuja kukufahamisha kwamba huduma ya macho itatolewa bila malipo, na kwamba unashauriwa kuhudhuria."

"Marahaba, mwanangu," akasema taratibu, kama anavyosema na wageni. "Umepotea njia. Ofisi ya mtaa iko upande ule."

Nikaondoka. Nilijiambia bibi ana kiburi. Heshima zote nilizofundishwa nilikuwa nimempa, na amezikataa. Mara ya pili nikafanya vibaya zaidi: nilimchukua mwenyekiti wa mtaa, nikidhani mtu mwenye cheo atamshawishi. Bibi alisikia hatua za watu wawili, akafunga komeo. Akasema kutoka ndani, "Lameki alikuja na matusi. Huyu ananiletea serikali." Mwenyekiti alicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Ilikuwa imebaki wiki ya mwisho ya kambi, na wewe ulikuwa unapanga nguo zako sandukuni na kuzitoa tena.

Jana niliomba ruhusa kazini. Jambo hilo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Nilikwenda peke yangu, bila kitambulisho. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilimkuta uani anachambua mchele kwa vidole. Kabla sijafungua mdomo alinijua kwa viatu.

"Karani," akasema. "Kaka yako alikuwa mwongo. Mwizi kabisa. Alijua siku zake zimeisha, akaniahidi ili asilipe. Wagogo ndivyo mlivyo, mnakula na kukimbia."

Peresi, sijui nilikasirika au nilianza kulia. Nadhani vyote viwili. Nilisikia sauti inatoka kifuani kwangu, kubwa, na majirani wakatoka nje kutazama.

"Wewe mzee wewe! Nyinyi Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mabegani kutoka Tabora mpaka pwani, mkavuka pori na simba. Leo macho yako mawili tu, mizigo yako mwenyewe, yamekushinda kubeba mpaka hapo Mvumi? Babu zako wakikuona watakukana!"

Nilidhani nimemvunjia heshima mtu mzima mbele ya mtaa, na kwamba kila kitu kimekwisha. Bibi Nyamizi alikuwa ameinamia ungo. Mabega yanamtikisika. Nikasema moyoni, nimemliza. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, mjukuu wake akaja mbio.

"Ndiyo umefika sasa," akasema, akifuta macho yale yasiyoona. "Siku zote hizo alikuwa anakuja karani. Kaa chini, mtumwa wangu."

Nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kazini.

Pale ndipo nilipoelewa kosa langu. Yule bibi alimpoteza mtu aliyemtukana kila asubuhi kwa mapenzi. Mimi nilimpelekea shikamoo iliyonyooka kama tangazo, kwa sababu shikamoo haina hatari, haitaki mtu ajitoe. Utani unataka uwepo wote, uso na moyo, na unaweza ukajibiwa vibaya. Nilikuwa nauita woga wangu heshima. Nakuomba ujichunguze kwa hilo huko uendako, maana tuna damu moja. Kuna wakati tutakaa kimya na kuwa na adabu sana, na sababu ikawa tu kwamba tunaogopa.

Alinipa sharti la kwanza. "Utanibeba kwa guta mpaka kwenye gari la Mvumi, mwenyewe, umekanyaga pedeli mbele ya mtaa mzima. Huo ndio ushuru wangu." Nikasema sawa. Sijawahi kuendesha guta lenye mtu. Jana jioni mlinicheka pale uani nikizunguka na magunia ya mchanga. Mlidhani nafanya mazoezi ya mwili.

Kisha akaacha mzaha. Alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akapata mkono wangu.

"Pale getini nilisema uongo," akasema. "Lameki hakuniahidi macho. Nilimuuliza, 'Na nisipoona je?' Akaniambia, 'Hilo silijui, bibi. Ninalolijua ni kwamba ukitoka mle ndani nitakuwa nimekaa nje.' Wewe nawe utakuwa umekaa nje?"

"Nitakuwa nimekaa nje," nikasema.

Nilisema kwanza, ndipo nikakumbuka kesho ni siku gani.

Usiku sikulala. Nilitafuta njia, kama ninavyotafuta jalada lililopotea, rafu kwa rafu. Nilimfikiria nesi wa kanisani, nikamfikiria mjukuu wa bibi, ambaye anaogopa kuliko mimi. Hakuna hata mmoja ambaye bibi atampa mkono wake. Wewe kwa Njombe una mama yako, anayekufahamu kuliko mimi, na ambaye asubuhi hii, nilipomwambia, alisema, "Mimi nitampeleka Peresi. Wewe mpeleke mpagazi wa mume wangu." Tiketi yangu anaichukua yeye. Wadogo zako watalala kwa shangazi.

Kwa hiyo ndivyo nilivyoamua. Kesho alfajiri, nyinyi mkielekea stendi, mimi nitakuwa kwenye uchochoro wa pili natandika godoro. Sitakuwepo kukupungia mkono. Nimevunja ahadi yangu moja kwako, na sitaki kuipamba. Ukinikasirikia una haki, nikasirikie vizuri, uniandikie.

Huenda usiku wa kwanza bwenini utawaza: je, ikishindikana? Naweza kukuambia ninachokijua. Nesi wa kanisani, aliyekuja kumpima bibi jana baada ya kukubali, anasema jicho la kushoto limechelewa. La kulia lina matumaini, lakini naye hakusema zaidi. Inawezekana keshokutwa bandeji ikatolewa na Bibi Nyamizi akaona mikono yake. Inawezekana ikatolewa na asione chochote, na mtaa ukasema karani amemtesa bibi wa watu. Nimejiuliza kama niko tayari kwa hilo la pili. Tumbo langu linasema hapana. Nimeliambia tumbo likae kimya. Kama haoni, Jumamosi nitakwenda kukaa naye, na Jumamosi nyingine, na matusi yake nitayasikiliza yote. Sijawahi kuwa na uhakika wa jambo maishani mwangu kama nilivyo na uhakika wa hili.

Na baada yake wapo wengine. Jana majirani walioshuhudia kelele zangu walinifuata mpaka getini. Mmoja ana baba yake Chamwino vijijini, mwingine mama mkwe. Nilijibu kwamba kambi nyingine ikitangazwa nitapita. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Neno la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ulipofungua mdomo pale getini ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umesimama mbele ya jeneza la baba yako, ukachukua mzigo ambao mtu mzima aliyekuwa ameshika jeneza aliukwepa. Watu walikusifu. Mimi nilikuwa naona aibu kila walipokusifu. Mtoto hapaswi kuwa jasiri kwa niaba ya wakubwa waliopo hapo hapo. Ahadi ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu tangu mwanzo, na tangu jana ninayo. Usiende nayo Njombe. Usilale ukiihesabu. Ukisikia usiku mwenzako analia kwa kukumbuka kwao, kaa naye, hiyo inatosha kabisa kwa umri wako. Siku nyingine zote soma, cheza, gombana na watu juu ya ndoo, rudi likizo umerefuka na umesahau nusu ya habari zetu.

Ulisema siku atakayokwenda Bibi Nyamizi ndiyo siku utakayokwenda wewe. Yeye yuko tayari. Nimempitia asubuhi: ameshachagua kanga, ametukana ukoo wetu mzima kwa kumchelewesha.

Panda gari, mwanangu.

Baba yako mdogo,
Amosi